Mrejesho: faida ya mwaka ya hisa na vipande (vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja)

Wakuu, salamu toka Kirumba, Mwanza. Swali langu lilikuwa: niliwekeza milioni 4 Januari mosi 2024, nyongeza milioni 2 Julai mosi, thamani milioni 6.6 Desemba 31. Mbona faida inasoma asilimia 65? Jibu lenu ni sahihi kabisa, nyongeza ilihesabiwa kama faida. Faida ni 600,000. Milioni 2 zimefanya kazi nusu mwaka, zinabeba uzito wa milioni 1. Gawa faida kwa milioni 5 (4 + 1), unapata asilimia 12.

XIRR ya Excel (fomula ya faida ya mwaka inayozingatia tarehe za fedha) inatoa asilimia 12.1: fedha unayowekeza iandike hasi, thamani ya mwisho chanya. Ila chungeni tarehe! Mpangilio wa Kimarekani unasoma 01/07 kuwa Januari 7, kimyakimya. Andika 2024-07-01. Gawio lililonunua vipande tena lisiandikwe kwenye XIRR.