Barua ya malalamiko kwenye IELTS: mwalimu ananiuliza "mbona unaomba kama unadaiwa?"

mama_wawili
Wakuu habari za jioni. Najiandaa na IELTS (mtihani wa Kiingereza) ile ya General Training kwa ajili ya maombi ya Kanada na kinachonitesa sio insha wala kusikiliza, ni barua ya Task 1. Swali la mazoezi lilikuwa umenunua friji, ukaletewa nyumbani, baada ya siku chache haigandishi, mwandikie meneja umwambie ulinunua lini, shida ni nini na unataka afanye nini. Nikaona hii naiweza maana mwaka jana friji ilinifanyia hivyo hivyo kweli, nyama kilo nne zikaoza na sikurudishiwa hata senti, kwa hiyo niliandika kwa uchungu, dakika 35 na ukurasa umejaa.

Nilianza hivi: "How are you? I hope you are fine. Concern the heading above, I am here to complain your fridge." Nikamaliza na "I beg you to help me. Yours in building the nation."

Imerudi nyekundu tupu. Kwenye "I beg" mwalimu kazungushia duara na kuandika hayo maneno ya kwenye kichwa cha uzi huu. Sasa mimi nimefundishwa kuwa na adabu kwenye barua, nikiwa mkali si nitaonekana nagombana? Mnaoijua hii mitihani nisaidieni, nimebakiza wiki tatu.

kalamu_ya_usiku
Pole sana dada. Nafundisha hii kitu jioni na barua kama yako naiona kila wiki, Kiingereza chako hakina shida kubwa, shida ni kwamba umeandika barua ya Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Sisi "naomba" ni neno la kila siku, unaomba chumvi, unaomba kupita, hakuna anayeona umejishusha. Ukiibeba kama "I beg" inakuwa kupiga magoti. Sema "I would be grateful if you could", hapo adabu ipo na haki yako ipo. Hivyo hivyo "husika na kichwa cha habari hapo juu" na "wako katika ujenzi wa taifa", ni nzuri kwenye ofisi zetu lakini msahihishaji wa IELTS hajui unazungumzia nini, na hiyo barua yenyewe haina hata kichwa.

Halafu angalia "complain your fridge". Sisi tunasema kulalamikia friji, kile kiambishi kwenye kitenzi kimeshafanya kazi yote, Kiingereza hakina hicho kwa hiyo lazima uweke "about". Fungua na "I am writing to complain about" basi, salamu za hujambo achana nazo, meneja humjui.

Kuhusu ukali, usimtukane na usimbembeleze. Mwambie kilichotokea, kimekugharimu nini, unataka nini na lini. Hizo kilo nne za nyama ndio ukali wenyewe, zina nguvu kuliko "I am very very angry" mara kumi. Na swali linakupa vipengele vitatu, ukisahau kimoja alama inashuka hata kama Kiingereza kimenyooka. Wengi wanamwaga hasira yote kwenye tatizo halafu kile cha "unataka wafanye nini" kinapata nusu mstari, na ndicho sababu ya kuandika barua!

Muda: dakika 35 ni nyingi mno. Saa moja ni ya barua na insha, na insha ina uzito mara mbili ya barua, kwa hiyo barua dakika 20. Wanataka maneno 150 au zaidi, ukifika 170 au 180 inatosha, usiende ukurasa mzima.

mwalimu_wa_bonde
Niko Kenya nafundisha sekondari, niongeze moja tu kwa sababu kuna wanafunzi wa kidato cha nne wanasoma hapa na watachanganyikiwa. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari huku kwetu, barua rasmi inataka anwani mbili, tarehe na ile RE ya kichwa cha barua, ukiziacha unapoteza maksi za mpangilio. IELTS yenyewe imeandika kabisa kwenye swali kwamba huhitaji kuandika anwani, kwa hivyo ukiandika unapoteza wakati bure. Someni maagizo ya mtihani wenu, sio wa jirani. Na tafadhali "Dear Sir or Madam" inaenda na "Yours faithfully", ukiwa umetaja jina kama "Dear Mr Brown" ndio unaweka "Yours sincerely". Kufupisha kama "I'm" na "don't" pia muache, hizo ni za barua ya rafiki.

mama_wawili
Asanteni mno, hiyo ya kulalamikia imenifungua macho, nilikuwa sijawahi kuiwaza hivyo. Nimejaribu tena usiku huu watoto wakiwa wamelala, dakika 22:

"I am writing to complain about a fridge which I have bought from your shop on 3 March. It was delivered two days later, but since then the freezer has not made any ice. As a result, I had to throw away four kilos of meat and I now have to buy food every day. I would be grateful if you could send a technician this week. If it cannot be repaired, I would like a full refund."

Najua maneno bado hayajafika 150 ila mwelekeo je?

kalamu_ya_usiku
Hapo sasa dada! Hii meneja akiisoma anajua afanye nini kesho asubuhi. Toa "have" kwenye "have bought", sisi tunasema nimenunua juzi na hakuna tatizo, ila Kiingereza ukishataja tarehe inakuwa "bought" tu. Ile "has not made" iache kwa sababu ya "since then". Maneno yaongeze kwenye kipengele cha pili, mfano uliwapigia simu mara ngapi na walikujibu nini, usirudi kujaza salamu. Kesho andika nyingine ya hoteli au basi, weka saa mezani, ilete hapa.