Tupeane uzoefu: sonona na wasiwasi uliopitiliza, ulipataje tiba?

Mleta mada
Ndugu zangu, ninaomba waliougua sonona (ugonjwa wa kuzama kwenye huzuni au kukosa hamu ya maisha) au wasiwasi uliopitiliza, pamoja na waliomuuguza mtu wa karibu, watueleze jinsi ugonjwa ulivyogundulika na tiba iliyowasaidia, kwa sababu wengi huzunguka hospitali kwa miezi wakitibiwa vitu vingine. Mimi nilianza kwa kifua. Nikiwa kwenye daladala moyo ulikuwa ukienda mbio ghafla, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, nami ninaamini kabisa kwamba ninakufa. Vipimo vya moyo, presha na sukari vilitoka safi, na hospitali ya kwanza ikanirudisha nyumbani nikapumzike. Daktari wa pili ndiye aliyeniuliza ninalalaje na kama nimeanza kukwepa kupanda gari. Alinieleza kuwa mwili humwaga adrenalini, yaani homoni ya kushtuka, kana kwamba kuna hatari ya kweli, kwamba hofu hiyo hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka yenyewe, na kwamba ganzi hutokana na kupumua upesi mno. Maelezo hayo yalinipa nafuu kubwa hata kabla ya tiba. Kisha, kwa kusimamiwa na mshauri, nilipanda gari kituo kimoja, baadaye viwili, bila kushuka hofu inapopanda, mpaka mwili ukazoea.

Binti Pangani
Pole sana, ndugu yangu. Kwa dada yangu ilikuwa sonona baada ya kujifungua. Watu walitarajia kumwona akilia, lakini hakulia. Alikaa na mtoto mapajani, maziwa yakilowesha kanga, na ukimsemesha anajibu baada ya muda mrefu. Wapo waliosema ni uvivu, wapo waliotaka apelekwe kwa mganga. Nesi wa kliniki, baada ya kuona kwenye kadi kwamba uzito wa mtoto hauongezeki, alimgeukia mama na kumuuliza taratibu kama amewahi kuwaza kufa. Sisi ndugu tulishtuka, tukidhani swali lile litampandikizia wazo hilo, kumbe ndilo lililomfungua mdomo. Alipewa dawa inayomfaa anayenyonyesha, akaonana na mshauri, nasi tukagawana zamu za usiku ili alale.

Muuguzi
Ninamshukuru nesi huyo, kwani kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kujiua. Niongeze kuhusu dawa, maana hapa ndipo ninapowapoteza wagonjwa wengi. Mtu akianza amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, usingizi na kukauka kinywa huja mapema, ilhali nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa. Anayeacha wiki ya kwanza hupata maudhi bila faida. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, nayo huhitaji subira hiyo hiyo. Dawa hizi hazikatishwi ghafla, na kwa kawaida huendelea kwa miezi 6 au zaidi baada ya mgonjwa kupata nafuu. Msidhani pia kwamba mazungumzo ni tiba ya wenye uwezo tu: nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mitaani jijini Harare kumsikiliza mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mgeni
Kaka yangu hali chakula, hataki kuonana na watu, na juzi amegawa nguo zake. Nianzie wapi?

Muuguzi
Usisubiri kesho, ndugu. Muulize kama anawaza kujiua, usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za mifugo, sumu ya panya na vidonge vyovyote, kisha mpelekeni leo kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Akikataa, mwite mtu anayemsikiliza zaidi aende naye, na mwambieni daktari wa zamu kuhusu hizo nguo kabla ya jambo jingine lolote, maana kugawa vitu huweza kuwa dalili ya kujiandaa kufa.