Kikundi cha ukoo: Idi anatafuta kitako cha raifo

IJUMAA

Idi (Missoula, Marekani): Shikamooni wakubwa wote. Huku ni saa tano usiku, najua kwenu kumeshakucha. Mjomba Seif, leo nakuhitaji wewe hasa. Msimu wa kuwinda elki unafunguliwa mwishoni mwa Oktoba na nataka kubadili kitako cha raifo yangu. Ninunue cha kukunja au cha kawaida kisichokunjika? Wiki ya pili sasa sijaamua.

Shangazi Mwanahawa (Tanga): Marahaba baba. Elki ndiye mnyama gani?

Idi: Ni jamii ya kulungu, Shangazi, ila mkubwa. Dume linafika kilo 300 na zaidi. Tukipata mmoja tunajaza friza, watoto wanakula mpaka kiangazi.

Shangazi Mwanahawa: Mungu akupe. Na hiyo bunduki inakaa wapi humo ndani na watoto?

Idi: Kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Bolti, kile kipande kinachofunga chemba, naitoa, inakaa pengine, na risasi pengine. Ufunguo wa pili anao Neema.

Shangazi Mwanahawa: Hapo sawa. Endeleeni.

Mjomba Seif (Morogoro): Marahaba Idi. Kabla sijasema lolote nijibu. Raifo gani, risasi gani, na kitako ulichonacho kimekukosea nini?

Idi: Remington 700, .308, mtutu wa inchi 24. Kitako ni cha plastiki kilichotoka nacho dukani. Mwaka jana nilimpata dume mita 240, amesimama ubavu, nimelala kifudifudi vizuri kabisa. Kila nikiweka jicho kwenye darubini naona kivuli cheusi upande mmoja. Nikiinua kichwa kivuli kinatoka, nikishusha kinarudi. Mpaka nimekaa sawa ameshaingia msituni. Sikupiga.

Mjomba Seif: Ulifanya vema kutopiga.

Mjomba Seif: Sasa hicho cha kukunja kimeingiaje hapo?

Idi: Kwenye uwanja wa shabaha jamaa karibu wote wana chasisi, yaani vitako vya fremu ya alumini vyenye bawaba. Unabonyeza kitufe, kitako kinalala ubavuni, bunduki inakuwa fupi. Nimepiga hesabu: yangu ina kama sentimita 110, ikikunjwa inabaki kama 85. Na nimenunua kiziba sauti, hapa Montana kinaruhusiwa kuwindia, kinaongeza karibu sentimita 20 mbele. Bila kukunja itakuwa mwiko wa kusongea ugali wa shughuli.

Salum (Leicester): Nunua ya kukunja kaka. Hata wadunguaji wa jeshi la Uingereza wanatumia ya kukunja, ile L115A3. Kama wao wanapiga mbali nayo, wewe utashindwa nini?

Mjomba Seif: Salum, hao wanakunja kwa sababu gani?

Salum: Si ili ipige vizuri?

Rehema (Calgary): Hapana Salum. Ile raifo ina urefu wa mita 1.3 na uzito wa kilo 6.8. Askari anaikunja iingie kwenye begi la mgongoni. Kukunja ni habari ya kubeba, kupiga ni habari nyingine. Hata zamani ilikuwa hivyo: Wamarekani walipotoa ile karabini (raifo fupi) ya M1A1 mwaka 1942 yenye kitako cha kukunja, waliwatengenezea askari wa miavuli.

Rehema: Na mimi nasema hivi wakati raifo yangu ni ya kukunja, mwaka wa tatu sasa, na siiuzi.

Mama Zuhura (Muheza): Samahani kuwakatisha. Michango ya harusi mwisho tarehe 30, watu sita tu ndio wametoa. Naomba tukumbukane.

Shangazi Mwanahawa: Nitatuma leo mdogo wangu.

Idi: Nami kesho asubuhi, dada.

Mjomba Seif: Rehema, wewe unaipendea nini ya kukunja?

Rehema: Mjomba, mimi nafuata kondoo wa milimani kwenye Rockies. Kuna mahali napanda kwa mikono na miguu. Raifo ndefu ikiwa mgongoni mtutu unapita juu ya kichwa, unanasa kila tawi, na nikiinama unagonga mwamba. Ikikunjwa inalala ndani ya mkoba, mikono yote miwili iko huru. Halafu usafishaji: kitako kikiwa kimekunjwa bolti inatoka moja kwa moja nyuma na ufito wa kusafishia unaingia umenyooka, sihitaji kushusha pedi ya shavu, ile ya juu ya kitako, na kuharibu vipimo vyangu. Na kwenye ndege kasha fupi linakaa ndani ya ile jumla ya sentimita 158 (urefu, upana na kimo) ya mzigo wa kawaida.

Salum: Sheria ya huko haikusumbui?

Rehema: Hapa Kanada bunduki ikiweza kupiga huku imekunjwa hadi chini ya milimita 660, hiyo ni marufuku. Yangu ina mtutu wa inchi 26, hata ikikunjwa iko mbali sana na hapo. Nilipima mwenyewe kwa futi kabla sijalipa.

Mjomba Seif: Na bawaba? Haijaanza kucheza?

Rehema: Ya kwanza ilicheza. Ilikuwa ya bei nafuu. Baada ya kama risasi 400 nikishika kitako na kutikisa nasikia "tak". Niliibadilisha. Hii ya sasa imebana kama kipande kimoja cha chuma.

Mjomba Seif: Naandika kirefu, nipeni muda.

Mjomba Seif: Nimefanya kazi Selous miaka 19, kufuata nyayo na baadaye kuongoza wageni wa uwindaji, kabla sehemu kubwa ya pori lile haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Nimeona vitako vya kila namna. Vya mbao vilikuwa vizuri kutazama, ila masika yakiingia mbao inavimba, inagusa mtutu, na bunduki iliyokuwa inapiga katikati jana leo inapiga pembeni. Tulikuwa tunachukua noti, tunaikunja mara moja, tunaipitisha kati ya mtutu na kitako. Ikikwama mahali tunajua ugonjwa uko hapo. Nimeona pia kitako cha raifo ya .458 kimepasuka hapa nyuma ya mshiko, kwa sababu teke lile halina huruma na skrubu zilikuwa zimelegea. Mgeni akalaumu risasi, akalaumu darubini, akatulaumu na sisi. Kosa lilikuwa skrubu mbili.

Sasa Idi, nisikilize kwa makini. Darubini yako imefungwa juu ya bunduki, haikufungwa kwenye kitako. Kwa hiyo bawaba ikicheza kidogo hiyo darubini na mtutu bado vinatazama pamoja. Kinachohama ni wewe. Shavu lako linatua hapa leo na pale kesho, bega linapokea teke kwa pembe nyingine, jicho linatoka kwenye mstari. Kile kivuli ulichokiona mwaka jana ndicho hicho, na ulikuwa huna bawaba yoyote. Maana yake shida yako ni kimo cha shavu. Umefunga darubini kubwa?

Idi: Kioo cha mbele milimita 50. Ilibidi nipandishe vishikizo ili isiguse mtutu.

Mjomba Seif: Haya. Umepandisha darubini, shavu umeliacha chini. Ulikuwa unalenga kwa kidevu.

Idi: 😔 Ni kweli Mjomba. Kidevu ndicho kilikuwa kinagusa.

Mjomba Seif: Fanya jambo moja sasa hivi. Hakikisha chemba ni tupu, angalia mara mbili, tia na kidole. Elekeza mahali salama. Funga macho. Weka bunduki begani jinsi mwili unavyopenda, laza shavu bila kujilazimisha. Fungua jicho. Unaona duara zima lenye mwanga? Kama huoni, kitako hakikufai, kiwe kinakunjika au hakikunjiki. Halafu kunja mkono uwe kama pembe ya mraba na upime kutoka mkunjo wa kiwiko mpaka fundo la kwanza la kidole cha shahada. Nitumie namba, ndiyo urefu wa kitako unaokufaa.

Idi: Nakuja.

Idi: Nimefunga macho mara tano. Mara zote nimefungua kwenye giza nusu. Nikiweka taulo lililokunjwa juu ya kitako naona duara lote. Kipimo cha mkono sentimita 36. Kitako hiki ni 34 na kidogo.

Wifi Neema (Missoula): Shikamoo Mjomba. Nimeamshwa na mume wangu amelala sebuleni na bunduki na taulo langu. Nami nimejipima: 32.

Mjomba Seif: Marahaba mwanangu. Na wewe unaitumia?

Wifi Neema: Ndiyo, nilimaliza mafunzo ya uwindaji mwaka jana. Kibali ninacho. Hiyo raifo ni yetu wote wawili, ila kwangu ni ndefu, inabidi ninyooshe shingo, na bega linaniuma siku mbili.

Shangazi Mwanahawa: Hongera Neema. Huko porini mnavaa nini wenzenu wasiwadhanie wanyama?

Wifi Neema: Rangi ya chungwa inayong'aa Shangazi, sheria inataka inchi 400 za mraba juu ya kiuno. Tunaonekana ng'ambo ya bonde.

Mjomba Seif: Sawa. Neema amenipa jambo ambalo Idi hakulisema. Bunduki moja, watu wawili, mmoja 36 na mwingine 32. Basi mnahitaji kitako ambacho pedi yake ya shavu inapanda na kushuka, na ambacho kinarefuka na kufupika kwa vile vipande vya kuongeza nyuma. Bawaba mtaifikiria baadaye. Idi, porini unafikaje?

Idi: Kwa gari mpaka mwisho wa barabara, milima ya Bitterroot kusini ya mji. Halafu kwa miguu kama kilomita 6. Hakuna pa kukwea kama kwa Rehema. Miti iliyoanguka ipo mingi.

Mjomba Seif: Ukitembea bunduki iko wapi?

Idi: Begani kwa mkanda, au mkononi.

Mjomba Seif: Na elki akitokea ghafla mita 80 ukiwa umeikunja ndani ya begi?

Idi: Nishushe begi, nitoe, nikunjue, nisikie imefunga... ameshaondoka.

Rehema: Hapo nakubaliana na Mjomba kabisa. Kondoo wangu namwona kwa darubini ya mkono saa mbili kabla sijamfikia, nina muda wa kukunjua. Elki wa msituni hakupi huo muda. Na Idi, pima uzito. Chasisi yangu ya alumini peke yake inakaribia kilo 2. Kitako cha faibaglasi ni kilo moja na kidogo. Halafu baridi: alumini kwenye digrii 15 chini ya sifuri inauma shavu na vidole, mimi nimeivisha kitambaa.

Salum: Lakini kiziba sauti kinaifanya ndefu. Kwenye gari je?

Idi: Nakifungua. Kinatoka kwa mkono, sekunde chache.

Mjomba Seif: Ila ukikifunga tena, kifunge kila mara kwa mkazo uleule, na shabaha uiweke kikiwa kimefungwa. Bunduki yenye kiziba sauti na isiyo nacho hupiga mahali tofauti.

Idi: Mjomba, cha kukunja nilichokitaka ni karibu dola elfu moja. Hiki cha kawaida chenye pedi ya kupandisha ni kama nusu yake.

Mjomba Seif: Hiyo nusu inayobaki nunua risasi. Pigeni shabaha mita 100 mpaka mchoke, halafu 200, halafu 300. Mkiwa mmekaa, mmepiga goti, mmeegemea mti. Uwanjani ukitaka kupiga bamba la chuma mita 600 piga, ni mazoezi mazuri. Kwa mnyama usivuke umbali ambao risasi tano kati ya tano zinaingia kwenye sahani. Mnyama aliyejeruhiwa nimemfuata siku mbili kwa kosa la mtu mwingine, na mpaka leo namkumbuka.

Shangazi Mwanahawa: Kaka, yule nyati wa Kilombero?

Mjomba Seif: Yule yule.

JUMAMOSI YA WIKI ILIYOFUATA

Idi: Kitako kimefika. Faibaglasi, hakikunjiki, pedi ya shavu inapanda, nyuma kuna vipande vinne vya kuongeza. Skrubu nimezikaza kwa spana ya kupima mkazo kama maelekezo yanavyosema. Nimepitisha noti ya dola chini ya mtutu, imepita mpaka mwisho bila kugusa.

Mjomba Seif: Ikunje mara mbili upitishe tena.

Idi: Imepita.

Rehema: Pigeni alama kwa kalamu nyeupe kwenye nguzo ya pedi, moja ya Idi na moja ya Neema. Mtabadilisha gizani bila kubahatisha.

Idi: Wazo zuri dada. Tumeshatoka uwanjani. Mimi mita 200, risasi tano ndani ya sentimita 9. Duara zima kila nikilaza shavu, sijakiona kile kivuli hata mara moja.

Mjomba Seif: Neema?

Wifi Neema: Mita 100 Mjomba, sentimita 5. Bega haliumi. Nimetoa vipande vyote vya nyuma. Ila nina swali: leo nilivaa fulana. Nikivaa lile koti nene la Novemba, si itakuwa ndefu tena?

Mjomba Seif: Itakuwa, kwa unene wa koti. Wewe vipande huna tena vya kutoa, kwa hiyo kabla ya msimu nenda uwanjani na koti lenyewe na glavu zenyewe, upige nazo. Ukiona shingo inanyooka, fundi akupunguzie ile pedi ya mpira ya nyuma, sentimita moja tu. Idi, wewe toa kipande kimoja siku ya baridi.

Wifi Neema: Kesho asubuhi tunarudi na makoti.