Vuli mjini kwa tulioanza kazi: tupeane uzoefu

BintiMtemani

Assalaam alaikum wapendwa. Naomba tupeane uzoefu wa jambo moja ninalolipenda kwa moyo wote: vuli ya hapa mjini Unguja, kwa sisi tulioanza kazi juzijuzi. Kipupwe kina wenyewe, kaskazi, msimu wa joto, ina watalii wake, masika ina matope yake. Vuli naona hutajwa pale mtu anapotafuta mwavuli tu, nami naona inastahiki zaidi ya hapo.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, muhasibu. Nilihamia Unguja mwezi wa sita mwaka juzi, nikapanga chumba Kikwajuni kwa bibi mmoja mtu mzima. Miezi ya mwanzo sikuujua mji. Asubuhi kazini, alasiri nyumbani, mlango nafunga. Kusi likivuma jioni nasikia baridi, najikunyata na simu. Miezi nikiihesabu kwa mshahara: huu umeingia, ule bado.

Ilipofika Oktoba kusi likakatika. Bibi mwenye nyumba alinikuta nimejiinamia ukumbini, akanambia, "Mjukuu wangu, hii ndiyo tanga mbili. Kusi limekwisha, kaskazi haijaingia, bahari imelala. Toka ukatembee kabla joto halijatukalia."

Kesho yake nilipotoka kazini saa tisa na nusu sikupanda gari. Nikashuka kwa miguu mpaka Forodhani, pale baharini. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa hadi juu ya ukuta, na vijana wanakuja mbio kutoka mbali, wanajirusha mmoja mmoja, wengine wanapinduka hewani kabla ya kugusa maji. Nikanunua juisi ya miwa, ile inayosagwa pamoja na ndimu na tangawizi, nikakaa ukutani mpaka jua likazama. Sikuwa nimekaa mahali popote bila haraka tangu nilipohama kwetu.

Baadaye nikaelewa kwa nini siku ile maji yalinisubiri. Hapa kwetu siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, za jioni na za alfajiri. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Ikifika siku za maji mafu, saa kumi unakuta yametoka, mashua zimelala upande. Sasa kalenda yangu ya ofisini ina alama mbili za penseli kila mwezi, na siku hizo mkobani mna kanga ya ziada.

Ninyi vuli yenu mnaijua kwa lipi?

NesiWaZamu

Da Binti umenigusa. Mimi raha yangu ni asubuhi. Mvua ya vuli mara nyingi hupiga usiku, na sisi wa zamu ya usiku tunaisikia wodini ikipita juu ya mabati, wagonjwa wanalala vizuri. Nikitoka saa moja, vichochoro vya Vuga na Soko Muhogo vimeoshwa, hakuna vumbi, hakuna pikipiki nyingi bado, paka wamekaa barazani wanajilamba. Napitia kwa mama anayeuza maandazi na mbaazi za nazi, nafungiwa zangu, nafika nyumbani bado zina moto. Nalala na dirisha wazi. Mwezi wa pili huwezi kulala mchana na dirisha wazi wala bila feni, basi mimi hizi siku nazithamini mno.

Boriti

Nachangia kama fundi, na naomba mnivumilie nikirefusha.

Nimemaliza chuo cha uhandisi, nikaajiriwa kwenye kazi ya kutengeneza nyumba za Mji Mkongwe. Chuoni tulisoma zege na nondo. Nyumba hizi hazina hayo. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, dari ni boriti za mikoko. Hata upana wa vyumba umeamuliwa na mkoko: boriti ni fupi, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu. Mzee wangu wa kazi, fundi chokaa, alinipokea vuli ya kwanza akanikataza kugusa mwiko wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya paa kila mvua inapokatika, nikaangalie maji yamepita wapi.

Hapo nikaijua vuli. Mvua zake fupi, zinapiga nusu saa, jua linatoka, na ukuta unakuonyesha siri zake zote: hapa pana unyevu, hapa mtu alipaka saruji juu ya chokaa, maji yakaingia yakakosa pa kutokea. Chokaa inapumua, saruji inaziba. Masika huwezi kusoma ukuta namna hiyo kwa sababu hakuna kinachokauka. Mzee anasema vuli ni daktari, inapima kabla ugonjwa haujalaza.

Na mimi sitanii ndugu zangu. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, na kila nikipita pale mbele kifua kinanibana. Mji huu umeingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini mwenye kuona mfereji wa paa umeziba ni mpangaji wa juu, si mtu mwingine. Kama unaishi Mji Mkongwe na una ngazi, baada ya mvua ya kwanza panda ukazoe majani. Dakika kumi tu.

Jioni tukimaliza tunakaa barazani, mzee na mimi, kahawa chungu na kashata, tunautazama ukuta tuliouziba ukikauka, rangi yake inageuka kidogo kidogo kutoka kijivu kuwa nyeupe. Hiyo ndiyo burudani yangu, na sijaichoka mpaka leo.

BintiMtemani

Kaka Boriti, ahsante sana. Nimemsomea bibi hapa, ananituma nimtafute kijana wa kupanda paani kesho. Watu wa Pemba mko wapi? Msiniache peke yangu.

Makonyo

Tupo dada. Nafanya kazi benki hapa mjini, kwetu vijijini upande wa Wete. Likizo yangu siichukui Desemba kama wenzangu. Naiomba Oktoba au Novemba, karafuu zikiwa zimekubali. Kwanza safari yenyewe: wakati wa kusi mkondo wa pale Nungwi unavuruga tumbo, lakini tanga mbili boti inakwenda kama imewekwa juu ya meza.

Nikifika sibadilishi kitu. Wachumaji wanapanda asubuhi, karafuu inavunjwa kabla haijafunuka ua, wakati imeanza kuwa nyekundu. Ikifunuka imekwisha thamani. Usiku ndio zamu yetu ya kuchambua: tunakaa ukumbini kwenye jamvi, bibi, shangazi, watoto wa skuli na mimi mtu wa benki, tunatenga karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Vidole vinakuwa vyeusi na harufu inakaa siku nyingi. Stori zote za ukoo nimezisikia pale. Nani alioa wapi, shamba lile lilikuwa la nani, babu alivyokuwa akipanda mkarafuu usiofikiwa na ngazi.

Mchana tunaanika, na hapo vuli inatutia roho juu. Zikipata jua zuri siku nne au tano zinakauka, zinatoa ile rangi ya kahawia iliyoiva, na ukiivunja moja inalia. Wingu likitanda shamba la Chake, mtu wa Wete anaanza kukunja jamvi. Mwaka mmoja nilikuwa nimelala, nikasikia bibi anaita "Mvuaaa!", watu wa nyumba tatu wakatoka mbio, jirani wanasaidia jirani bila kuulizana zako au zangu. Tuliziokoa zote.

Nikirudi kazini, wenzangu wa kaunta wanajua nimetoka wapi kabla sijasalimia.

MtuWaLondon

Salamu kutoka mbali. Mimi nimezaliwa Malindi ya Unguja, nafanya kazi London mwaka wa nne. Huku vuli ndiyo majani ya miti yanageuka manjano na mekundu, yanaanguka njiani, ukitembea yanachakarika. Kwenye madaraja wanauza njugu fulani kubwa za kuchoma, zinanikumbusha korosho za moto. Mwisho wa Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kufika katikati ya Novemba magharibi inaingia kama saa kumi na robo ya jioni, sisi bado tuko ofisini. Mwaka wa kwanza giza lile lilinihuzunisha. Sasa nachukua mapumziko yangu mchana, napita bustanini na koti zito, nakaa kwenye benchi na chai ya maziwa ndani ya chupa niliyotia hiliki nyumbani. Ninapenda kwa kweli, hewa ni safi, mji umetulia. Lakini nimesoma habari ya maji kujaa saa kumi, nikaiweka simu chini kidogo. Marehemu baba alikuwa akitupeleka kuogelea saa ile ile.

BintiMtemani

Allah amrehemu baba yako. Huku doriani zimeshaingia Darajani, pua inafika kabla ya macho. Shokishoki zinafuata, na embe boribo za Muyuni mwaka ukielekea kwisha. Nimeacha kuhesabu miezi kwa mshahara, nahesabu kwa meza za wauza matunda.

Dirishani

Langu dogo. Napanga ghorofa ya pili karibu na nyumba wanayofanyia mazoezi ya taarabu. Kaskazi ikija kila mtu anawasha feni na sauti zinapotea. Lakini sasa hivi, mvua ikianuka na feni zimezimwa, nasikia ganuni, ile ala ya nyuzi, peke yake, mtu anarudia kipande kimoja mara ishirini mpaka kikae. Mimi ni mwalimu. Nasahihisha madaftari kwa sauti ile.

MgeniMpendae

Assalaam alaikum. Mimi nimeanza kazi ya maabara wiki tatu tu, nimetoka Micheweni, napanga Mpendae. Sina mtu ninayemjua. Nimesoma yote haya nikiwa kitandani, mlango nimefunga.

BintiMtemani

Waalaikum salaam mdogo wangu. Mwezi utakuwa mpevu Jumatano, na bamvua itashika mpaka Ijumaa. Panda gari hadi Darajani, ushuke na barabara mpaka baharini. Jumatano hiyo saa kumi mimi na NesiWaZamu tutakuwa ukutani Forodhani, upande wanaorukia vijana. Nitavaa mtandio wa kijani. Juisi ya miwa nitakununulia mimi.