Tupeane uzoefu: wana triathloni, kipande cha kuogelea mnakimudu vipi?

Mkimbia Alfajiri:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa Coco Beach, nikamwona kijana katoka majini hata mita mia hajafika, kakaa mchangani anahema, baiskeli yake ya bei mbaya imelala pembeni. Ikanirudisha mbali sana.

Wengi wetu hapa Bongo tunaingia triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, kutokea kwenye mbio au baiskeli. Pumzi tunayo, miguu tunayo, lakini tukiingia majini ni kama hatujawahi kufanya mazoezi. Mwenye uzoefu ashushe hapa: mbinu, mazoezi, kasi, hata hofu. Wa mita 750, wa 1500, wa 1900 na wale wa 3800, wote karibuni.

Chumvi Kidogo:
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa mkao wa kusoma.

Maji Matulivu:
Nafundisha watu wazima kwenye bwawa, na wakimbiaji ndio wanaonipa kazi kubwa kuliko wote. Tatizo la kwanza wala si mikono. Ni kubana pumzi. Uso ukiwa chini ya maji mtu anafunga hewa, halafu akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Hewa chafu inajilimbikiza, mwili unapiga kelele, na yeye anaamini hana pumzi wakati kifua kimejaa tele.

Shika ukingo wa bwawa, zama mpaka utosi, toa hewa kwa pua polepole mpaka mapovu yaishe, inuka, vuta kwa mdomo, rudi chini. Fanya hivyo mpaka uchoke na upuuzi wa zoezi lenyewe. Mapovu yakitoka mfululizo, bila kukatika, umeanza kuelewa. Yakitoka kwa mshindo mmoja mwishoni, bado.

La pili ni kichwa. Ukiangalia mbele, nyonga na miguu vinashuka, na unaogelea huku unaburuta nanga. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Kwenye mbio ukikaa vibaya unapoteza kidogo, majini unalipa kila sentimita. Angalia sakafu ya bwawa, shingo ilegee.

Mpiga Pedali:
Miguu usipige kabisa. Iache ielee, utaihitaji kwenye baiskeli. Mimi ndivyo ninavyofanya na maisha yanakwenda.

Maji Matulivu:
Mkuu, "usipige kabisa" ni ushauri wa kumzamisha mtu. Anayeanza asipopiga miguu hata kidogo, inashuka. Apige kidogo, kutoka nyongani, pigo moja kwa kila mkono, inatosha kuweka mwili sawa. Wakimbiaji wengi vifundo vyao vya miguu ni vigumu, haviwezi kunyooka nyuma, kwa hiyo wakipiga kwa nguvu wanachemka tu na hawasogei. Nimeona mtu kashika ubao anapiga miguu kwa juhudi zote na anarudi nyuma.

Mpiga Pedali:
Sawa mwalimu, lakini wewe unafundisha bwawani. Sisi tunaogelea kwenye chumvi, mwili unaelea wenyewe.

Mama Z, Mombasa:
Mumetaja chumvi, basi niseme langu, maana sijawahi kulieleza lote.

Ilikuwa pwani ya kaskazini, mwezi wa saba, upepo wa kusi umechachamaa. Waandaaji siwataji. Walipanga tuanze saa moja u nusu asubuhi, siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa wingi kupita siku nyingine. Mtoto yeyote aliyekulia ufuoni angewaambia: siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri, kwa hiyo saa moja u nusu yanatoka nje kwa nguvu kufuata mlango wa mwamba, lile pengo la kutokea bahari kuu. Hakuna aliyewauliza wavuvi.

Tukaanza sote kwa pamoja. Kisigino cha mtu kikanipata hapa kwenye mfupa wa kidari, miwani ikang'oka, mpira wake ukabaki umening'inia shingoni. Nikavuta pumzi, nikapata chumvi. Kifua kikafunga. Mikono ikawa inapiga maji yenyewe, mimi siiamuru. Wimbi liliponiinua nikaliona lile boya la manjano, na halikuwa mbele yangu tena, lilikuwa kushoto na linakwenda mbali. Hapo nikajua nasukumwa mlangoni. Mashua ya uokozi ilikuwa moja tu, na iko kule mbele na wenye kasi. Nikainua mkono. Nikainua tena. Nilikuwa nawaza watoto wangu, na nilikuwa nawaza funguo za nyumba nilizoziacha kwenye kiatu, sijui kwa nini funguo.

Aliyenikuta ni mzee wa ngalawa, anarudi kwenye mishipi yake. Hakunivuta. Alishusha tanga, akanyoosha kafi, akasema: "Mama, lala chali. Angalia juu. Usiniangalie mimi." Nikalala. Masikio yakaingia maji, kelele zote zikakatika, nikaanza kusikia pumzi yangu mwenyewe. Kisha nikaushika mrengu wa ngalawa yake mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Yeye anapiga kafi kidogo kidogo tusichukuliwe na maji, wala haulizi kitu.

Nikamaliza. Chali, ubavu, chali, ubavu, mpaka mchanga. Nilitoka wa mwisho majini. Mume wangu alikuwa ameshakwenda hema la huduma ya kwanza kuulizia jina langu.

Chumvi Kidogo:
Nimesoma nimesimama. Pole sana dada.

Dada wa Mkunazini:
Jamani! Na mzee yule ulimpata tena?

Mama Z, Mombasa:
Nilimtafuta. Pesa alikataa, unga na sukari akapokea kwa ajili ya mkewe. Mpaka leo nikipita ule ufuo lazima nimsalimie.

Sheria Mkononi:
Pole mama. Ila kwa kanuni, ukishashika chombo umetolewa mashindanoni. Hukupaswa kuendelea.

Mpiga Pedali:
Mtu kaponea chupuchupu wewe unaleta kanuni?

Sheria Mkononi:
Kanuni ni kanuni mkuu.

Maji Matulivu:
Basi tuiseme kama ilivyo. Kanuni za triathloni zinaruhusu mwogeleaji kushika boya au chombo kilichosimama ili apumzike, mradi kisimsogeze mbele. Mzee alikuwa anazuia wasichukuliwe, hakumvuta kwenda kwenye boya. Mama alikuwa halali kabisa. Na wote wanaosoma hapa walijue hilo, kwa sababu watu wanaacha kushika mtumbwi wa uokozi wakiogopa kutolewa. Shika. Pumzika. Endelea.

Sheria Mkononi:
Kama hakusogezwa mbele, nakubali.

Nesi wa Zamu:
Naomba niingize jambo la afya. Kukabwa kifua mwanzoni mara nyingi ni hofu na kuanza kwa kasi, na ukilala chali dakika moja mbili kunapungua. Lakini ukikohoa povu, hasa lenye rangi ya damu, na pumzi inazidi kubana hata ukipumzika, hayo ni maji kwenye mapafu. Yanawapata hata watu wazoefu na wenye mazoezi mazuri. Usimalizie. Toka, kaa wima, upelekwe hospitali. Hakuna medali inayolingana na hilo.

Hesabu za Bwawa:
Mimi mtu wa namba. Tatizo la wengi ni kwamba hawajui kasi yao, wanaogelea "kwa nguvu" au "polepole" basi. Pasha mwili, ogelea mita 400 kwa juhudi yako yote iliyo sawasawa, pima muda. Pumzika vizuri, ogelea 200 vilevile. Toa muda wa 200 kwenye wa 400, gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo kasi yako ya mita 100 unayoweza kuishikilia muda mrefu.

Mfano 400 kwa 9:40 na 200 kwa 4:30. Tofauti ni 5:10, nusu yake 2:35. Mtu huyu mita 1500 zitamchukua karibu 38:45. Sasa akianza mita 200 za kwanza kwa mwendo wa 2:10 kwa sababu amesisimka, atazilipa. Seti yangu: mita 100 mara kumi kwa kasi hiyo, mapumziko sekunde 20. Ya kumi ilingane na ya kwanza. Ukiona ya nne imeshaanza kudorora, ulidanganya kwenye jaribio.

Kumbukeni Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000, mita 100 kwa 1:52.72. Alitoka kwa kasi, akageuka, mita 50 za mwisho karibu azame. Huo ndio mfano wa kutojua kugawa nguvu.

Chumvi Kidogo:
Yule jamaa aliyechekwa dunia nzima, haha.

Ziwa Letu, Mwanza:
Hapana, huyo msimcheke. Kajifunza kuogelea miezi michache tu kabla, kwenye bwawa dogo la hoteli, na bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza kule kule Sydney. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka mapema, akaogelea peke yake mbele ya uwanja mzima na akamaliza. Baadaye alishuka chini ya sekunde 57, na akaja kuwa kocha wa timu ya taifa lake. Wangapi hapa tumepunguza muda wetu kwa nusu?

Hesabu za Bwawa:
Sikumcheka mkuu, nimemheshimu. Nilizungumzia kasi.

Ziwa Letu, Mwanza:
Sawa. Na nyie watu wa pwani mshukuru, sisi huku maji baridi hayana chumvi ya kukubeba na kuna kichocho. Tunakwenda mapema asubuhi, kwa mtumbwi, tunaingilia maji ya kina mbali na majani. Vimelea hutoka kwa wingi jua likishakuwa kali, karibu na ufuo kwenye konokono. Bado tunapima, na kipimo kinafanywa wiki kadhaa baada ya kuingia majini, si kesho yake.

Dada wa Mkunazini:
Na mimi nina langu. Naogelea na vazi la kusitiri mwili mzima. Kuna mtu kaniambia nitaburuta maji mpaka nichoke. Nini maoni?

Maji Matulivu:
Dada, likikubana vizuri na si la pamba, tofauti ni ndogo kuliko kosa la kuinua kichwa. La pamba likilowa ni mzigo. Fanyia mazoezi vazi lile lile la siku ya mashindano. Kule Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea na mavazi hayo na wanaelea safi.

Mpiga Pedali:
Naongeza moja, na hapa mwalimu hatanipinga: kumfuata mtu kwa nyuma majini kunaruhusiwa. Kaa kwenye mapovu ya miguu yake, unaokoa nguvu nyingi.

Maji Matulivu:
Sikupingi. Ila inua macho mwenyewe kila baada ya mikono kadhaa, macho tu juu ya maji kisha geuza kichwa uvute hewa. Unayemfuata anaweza kuwa amepotea.

Mkimbia Alfajiri:
Asanteni sana wakuu. Yule kijana wa Coco nimeshapata namba yake, nataka tuingie naye tena. Siku gani nzuri?

Mama Z, Mombasa:
Usitazame siku, tazama mwezi. Ukiwa nusu, maji ni mafu, yanajaa kiasi cha saa nne asubuhi na mkondo ni mdogo. Ingieni saa tatu. Mufunge maboya ya rangi ya chungwa viunoni, wote wawili, na mwambieni mvuvi yeyote aliye karibu kwamba mupo majini.