Mrejesho: ziara ya Culloden na Clava pamoja na mama

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunijibu nilipouliza kama mama, ambaye magoti yanamsumbua, angemudu ziara ya siku moja kutoka Inverness, mji wa kaskazini mwa Uskoti (Scotland), kwa basi dogo. Tulifuata ushauri wa kuanzia Clava mapema, naye akayazunguka makaburi yale ya mawe, yenye umri wa takriban miaka 4,000, bila shida yoyote. Culloden, palipopiganwa vita vya tarehe 16 Aprili 1746 kati ya jeshi la serikali ya Uingereza na waasi wa Jacobite, ni tambarare, ila upepo ni mkali (aliyesisitiza makoti mazito, Mungu ambariki), na mama alikawia mbele ya mawe yaliyochongwa majina ya koo za Waskoti waliopigana hapo. Ngome ya Urquhart, magofu yaliyo kando ya ziwa Loch Ness, ilitushinda: njia inateremka sana, hivyo yeye aliitazama kutoka juu, penye mgahawa, nami nikashuka peke yangu.