Mwanangu kapata nafasi shule ya chata lakini matokeo yake yananitisha, nisaidieni kusoma hii ripoti

MamaMapacha
Wadau habari zenu, naombeni mawazo maana usingizi umeniruka. Niko St. Paul, Minnesota, mwanangu mkubwa anaingia gredi ya 4 na amepata nafasi kwenye droo ya shule moja ya chata hapa mjini, yaani shule ya umma ya bure inayojiendesha yenyewe nje ya wilaya. Nimeenda kuiona nikaipenda kwelikweli, walimu wanawajua watoto kwa majina, mwalimu mkuu anasimama mlangoni asubuhi na baridi yote ile. Sasa nikafungua ripoti ya jimbo, loh, kwenye kusoma waliofikia kiwango hawafiki hata nusu na hesabu ndo mbaya zaidi. Shule ya wilaya, yaani ya umma ya kawaida, iliyo karibu na kazini kwangu, mtaa wa wenye uwezo, wako juu kabisa. Ila nimeona pia kwenye hiyo chata watoto karibu wote ni weusi, wengi wa familia za wahamiaji kama sisi, na wengi bado wanajifunza Kiingereza. Je ni shule mbovu au mimi ndo nasoma vibaya? Baba yao anasema namba hazidanganyi, tuachane nayo.

mwalimu_wa_zamu
Pole dada. Mimi nafundisha huku, nimepita shule za wilaya na za chata. Ile asilimia uliyoiona inakwambia watoto wako wapi siku ya mtihani, haikwambii wametokea wapi. Chukulia mtoto kaingia gredi ya 3 hawezi kusoma sentensi nzima, ndani ya mwaka mmoja kapanda gredi mbili, kwenye ripoti bado ataandikwa hajafikia kiwango, analingana na mwenzake ambaye hakusogea hata kidogo. Kwa hiyo tafuta sehemu ya maendeleo, yaani wanafunzi wale wale mwaka jana na mwaka huu. Halafu angalia mtihani wa ACCESS, ule wa wanaojifunza Kiingereza, kama kweli wanapanda mwaka hadi mwaka. Na jambo moja wazazi wengi hawalijui, hilo kundi la wanaojifunza Kiingereza wakishaiva wanatolewa humo, wanaingia wageni wapya, kwa hiyo kundi lenyewe litaonekana liko chini kila mwaka hata shule ikifanya kazi ya maana. Usilinganishe shule nzima na shule nzima. Sheria ya taifa ya 2015 inalazimisha matokeo yagawanywe kwa makundi, wenye kipato kidogo, wenye ulemavu, rangi, lugha, basi chukua kundi linalofanana na mwanao ulilinganishe na kundi hilo hilo kwenye ile shule ya wilaya. Usishangae kule ukakuta kundi ni dogo mno mpaka takwimu zimefichwa.

BabaZu
Mwalimu nakuheshimu lakini hapa tusimpoze dada. Binti yangu alikaa chata miaka mitatu, kila kikao tunaambiwa anakua anakua, alipofika middle school, shule ya kati kabla ya sekondari, ndo tukajua yuko nyuma sana kwenye hesabu, nililia mimi mtu mzima. Hiyo habari ya "watoto wetu wametoka mbali" inageuka kisingizio. Kule Boston wachumi walilinganisha watoto walioshinda droo za chata na walioomba wakakosa, yaani wazazi wote walitaka, kilichowatenganisha ni bahati tu, na walioshinda walipanda sana kwenye hesabu, na wengi wao ni weusi na Walatino wa familia za kipato kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao 2015 walipima miji na maeneo 41 wakakuta kwa wastani chata za mjini zinampa mtoto kama siku 40 za ziada za hesabu kwa mwaka na 28 za kusoma, lakini huo ni wastani, kuna miji zilikuwa chini ya shule za kawaida. Na hao hao Stanford 2009, kwenye majimbo waliyopima, chata 17 kati ya 100 ndo zilizishinda shule za kawaida kwenye hesabu na 37 zilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo jina chata halikwambii kitu. Waulize ni watoto wangapi wanaondoka katikati ya mwaka na nafasi zao zinajazwa au zinaachwa wazi, maana gredi ya juu ikibaki na wale wanaoweza tu, asilimia inapanda yenyewe bila mtu kufundishwa chochote. Uliza na watoto wenye mahitaji maalumu, wana mwalimu wao kabisa au anakuja mara moja kwa wiki.

nuru_stp
Naongezea kidogo. Kwenye ripoti utaona pia namba ya watoto wanaopata chakula cha bure shuleni, usiiamini sana kama kipimo cha umaskini. Kuna mpango wa taifa shule ikiwa na familia nyingi zinazopokea misaada ya serikali watoto wote wanakula bure bila fomu, na hapa Minnesota tangu 2023 watoto wote wanakula bure, so wazazi wengi hawaoni haja ya kujaza fomu. Shule mbili zenye namba sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa. Halafu hata hiyo safu ya "weusi" inamchanganya mtoto aliyeshuka ndege jana na ambaye babu yake kazaliwa hapa, mahitaji yao si sawa.

mwalimu_wa_zamu
BabaZu nimekuelewa, na pole kwa binti. Kwa kweli kiwango nacho kina maana, sekondari hawamuulizi mtoto alianzia wapi. Dada angalia vyote viwili. Maendeleo yakiwa chini na kiwango kiko chini, hapo ondoka.

MamaMapacha
Asanteni sana jamani. Nimekaa jana usiku na baba yao tukafungua tena, kundi la wanaojifunza Kiingereza kwenye chata wako juu kuliko wenzao wa ile ya wilaya kwenye kusoma, ila hesabu wamelingana, wote chini. Nafasi wanatushikia mpaka Ijumaa. Kesho naenda kuuliza hilo la wanaoondoka na nani anafundisha hesabu gredi ya 4 na amekaa hapo muda gani, nitarudi kuwaambia.